Glaikojeni Iliyoharibika Umbo: Jibu kwa Msomaji wa Maskati kuhusu Ugonjwa wa Lafora

Msomaji anayeishi Maskati ametuandikia kuhusu mpwa wake, binti wa dada yake, mwenye umri wa miaka 16. Binti huyo alianza kwa kuona mimweko ya mwanga ambayo wenzake hawakuiona, kisha akaanguka kifafa darasani, na baadaye mikono yake ikawa inashtuka ghafla hata akamwaga chai kila aliposhika kikombe asubuhi. Maendeleo yake shuleni yameporomoka. Dawa ya kwanza aliyoandikiwa ilizidisha mishtuko badala ya kuipunguza, na hatimaye kipimo cha jeni kikaonyesha ugonjwa wa Lafora, yaani kifafa cha kurithi kinachoharibu ubongo hatua kwa hatua, unaotokana na kasoro katika jeni ya malini, protini nitakayoieleza hapa chini. Msomaji anauliza: "Shuleni tulifundishwa kwamba glaikojeni ni akiba ya nguvu inayowekwa kwenye ini na misuli. Akiba hiyo inawezaje kuharibu ubongo? Je, ni kwa sababu ya halwa na tende anazokula? Na kama ni ugonjwa wa kurithi, mbona baba na mama yake, ambao ni mabinamu, ni wazima kabisa?"

Ndugu yangu, wa alaykum salaam, na poleni sana wewe na dada yako. Naanza na halwa, kwa sababu najua hilo ndilo swali linalomnyima mama usingizi. Hapana. Hakuna chakula alichokula binti huyu, wala alichokula mama yake alipokuwa na mimba, kilichosababisha ugonjwa huu. Lafora si kisukari, na kiwango cha sukari katika damu ya wagonjwa wake kwa kawaida hakina tatizo lolote. Hata mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ambao huwasaidia baadhi ya watoto wenye kifafa cha aina nyingine, ulipojaribiwa kwa wagonjwa wachache wa Lafora haukuusimamisha ugonjwa. Tatizo haliko kwenye kiasi cha sukari kinachoingia mwilini, bali kwenye umbo ambalo sukari hiyo hupewa inapojengwa kuwa glaikojeni ndani ya seli. Ukilishika jambo hili moja, mengine yote nitakayoeleza yatafuata kwa urahisi.

Glaikojeni hujengwa kwa molekuli za glukosi zilizoungwa moja baada ya nyingine. Vimeng'enya viwili hushirikiana katika ujenzi huo: kimoja hurefusha mnyororo kwa kuongeza glukosi kwenye ncha yake, na kingine hukata kipande cha mnyororo na kukipachika ubavuni ili litoke tawi jipya. Katika glaikojeni iliyo sawa, mnyororo mmoja huwa na wastani wa glukosi 13 hivi kabla ya kufika mwisho wake. Matokeo yake ni tufe dogo mno, ambalo laweza kubeba glukosi zipatazo 55,000, lenye ncha nyingi fupi zilizotawanyika kila upande. Ufupi na utawanyiko huo ndio unaoliwezesha tufe kuchangamana na maji na kuelea ndani ya seli, na ndio unaoviwezesha vimeng'enya vya kuvunja kulifikia haraka nguvu inapohitajika.

Sasa fikiria minyororo hiyo ikirefuka kupita kipimo, huku matawi yakiwa machache. Minyororo mirefu ya glukosi ina tabia ya kukaribiana, kusokotana miwili miwili na kuyafukuza maji yaliyokuwa katikati yake. Tabia hii unaifahamu jikoni, kwani wali uliolala huamka mkavu na mgumu kwa sababu minyororo ya wanga wake imefanya jambo hilihili usiku kucha. Wali wa kiporo hulainika ukipashwa moto, lakini ndani ya seli hakuna moto wa namna hiyo. Glaikojeni iliyoharibika umbo hutoka kwenye maji, hugandamana na nyingine zilizoharibika vilevile, na kidogo kidogo hujenga kibonge ambacho vimeng'enya vya kuvunja haviwezi tena kukimaliza. Hivyo ndivyo vibonge vya Lafora.

Vimepewa jina la Gonzalo Rodríguez Lafora, daktari Mhispania aliyekuwa mwanafunzi wa Santiago Ramón y Cajal, mtafiti mashuhuri wa seli za neva, na aliyepata pia mafunzo huko Ujerumani kwa Alois Alzheimer, daktari ambaye ugonjwa wa Alzheimer umepewa jina lake. Mwaka 1911, akiwa anafanya kazi katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili mjini Washington, alichunguza ubongo wa kijana aliyefariki kwa kifafa chenye mishtuko na akaona ndani ya seli za neva vitu vya mviringo vilivyopokea rangi kama wanga unavyoipokea. Alivieleza kuwa ni vitu vinavyofanana na wanga, na inastaajabisha jinsi alivyokuwa karibu na ukweli, kwani ilipofika miaka ya 1960 watafiti walivitenga vibonge hivyo na kuthibitisha kwamba kwa sehemu kubwa vimejengwa kwa glukosi tupu, kwa mpangilio unaokaribia ule wa wanga wa mimea kuliko glaikojeni ya mnyama.

Hapo ndipo linapozuka swali jingine: ni nani anayepaswa kuhakikisha kwamba minyororo hairefuki ovyo? Jibu la sehemu kubwa ya swali hilo lilipatikana mwaka 1998, ilipotambuliwa jeni ya kwanza ya ugonjwa huu katika kromosomu ya 6, na mwaka 2003 ilipotambuliwa ya pili, nayo katika kromosomu hiyohiyo lakini mahali pengine. Jeni ya kwanza hutoa protini iitwayo laforini, na ya pili hutoa malini. Takriban familia zote zenye ugonjwa huu huwa na kasoro katika mojawapo ya jeni hizo mbili, na dalili hufanana sana iwe imeharibika hii au ile. Kufanana huko kulikuwa dalili ya mapema kwamba protini hizi mbili hufanya kazi moja kwa pamoja.

Malini ni protini ya usimamizi. Kazi yake ni kuchagua protini nyingine na kuzibandika alama, ambayo yenyewe ni protini ndogo iitwayo ubikuitini. Protini nyingi zilizobandikwa alama hiyo hupelekwa kwenye mtambo wa seli unaozikatakata, uitwao protiasomu, na nyingine hubadilishiwa tu kazi au mahali pa kukaa. Kila seli hutegemea utaratibu huu kupunguza protini ambazo muda wake umekwisha au ambazo zimekuwa nyingi kuliko mahitaji. Kwa upande wake, laforini ina sehemu inayoshika minyororo ya glukosi moja kwa moja, hasa ile iliyorefuka, na sehemu nyingine inayoweza kuondoa fosfeti, yaani vikundi vidogo vya kemikali yenye fosforasi vinavyojishikiza kwenye glukosi. Laforini ndiyo inayoifikisha malini kwenye glaikojeni. Ikikosekana laforini, malini haifiki panapohitajika, na ikikosekana malini, laforini hubaki imeshikilia glaikojeni mbovu pasipo msaada.

Kwa muda mrefu wengi wetu katika fani hii tuliamini kwamba kiini cha ugonjwa ni fosfeti. Glaikojeni ya kawaida ina fosfeti chache sana, na ile ya wagonjwa wa Lafora ina nyingi zaidi, kwa hiyo ilionekana dhahiri kwamba laforini hulinda umbo la glaikojeni kwa kuzifuta. Kisha, kuanzia mwaka 2014, yakachapishwa majaribio ya panya waliopewa laforini isiyoweza kuondoa fosfeti hata kidogo lakini yenye uwezo wote wa kushika glaikojeni na kushirikiana na malini. Panya hao hawakuugua. Fosfeti zikaonekana kuwa jambo linaloandamana na ugonjwa, wala si chanzo chake. Kwangu mimi hayo ni miongoni mwa majaribio muhimu zaidi katika historia ya Lafora, kwa sababu yalihamisha macho ya watafiti kutoka kwenye kemia ya fosfeti na kuyaelekeza kwenye ushirikiano wa laforini na malini katika kusimamia protini nyingine.

Ni protini zipi hasa zinazosimamiwa? Mbili zinatajwa kuliko zote: kimeng'enya kinachorefusha minyororo ya glaikojeni, na protini nyingine inayokichochea kimeng'enya hicho kifanye kazi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba laforini hutua kwenye mnyororo ulioanza kurefuka kupita kiasi, huiita malini, na malini huzibandika alama protini za urefushaji zilizo karibu ili ujenzi upunguzwe mahali hapo. Usimamizi huo ukikosekana, urefushaji huendelea kuutangulia utoaji wa matawi. Wapo wanaotilia mkazo protini nyingine katika orodha hiyo, na mjadala wao ni wa kweli, lakini mwelekeo wa ushahidi uko wazi: kimeng'enya cha urefushaji ndicho kinachoubeba ugonjwa.

Ushahidi wenyewe ulipatikana kwa pande mbili. Upande wa kwanza, mwaka 2011, panya waliokosa laforini waliondolewa pia ile protini inayokichochea kimeng'enya cha urefushaji. Vibonge vilitoweka karibu vyote, seli za neva hazikufa, na mishtuko ya misuli haikutokea. Upande wa pili, watafiti wa Barcelona walikuwa wameonyesha mwaka 2007 kwamba seli za neva zina kimeng'enya cha kujenga glaikojeni lakini hukizuia kisifanye kazi, na mwaka 2012 ikaonyeshwa kwamba seli za neva za panya na za nzi zikilazimishwa kujikusanyia glaikojeni huharibika na kufa, hata kama laforini na malini zipo. Kuipunguza glaikojeni kuliwaokoa wanyama waliokuwa waugue, na kuirundika kwenye seli za neva kuliwadhuru waliokuwa wazima. Katika magonjwa ya ubongo ni nadra kupata ushahidi wa chanzo ulionyooka namna hii.

Sasa naweza kulijibu swali lako la shuleni. Uliyofundishwa ni sahihi: katika ini na misuli glaikojeni ni akiba, na hupanda na kushuka kila siku kulingana na mlo na kazi. Katika ubongo hali ni tofauti. Sehemu kubwa ya glaikojeni ya ubongo iko kwenye astrositi, yaani seli zinazozizunguka na kuzihudumia seli za neva. Seli ya neva yenyewe huweka kiasi kidogo mno na hulindwa kwa ukali isiongeze. Kwa mgonjwa wa Lafora vibonge huota pia kwenye ini, moyo, misuli na ngozi, lakini viungo hivyo kwa kawaida huvumilia bila dalili kubwa. Seli ya neva haivumilii, kwani haigawanyiki ili kuupunguza mzigo, takriban zote tulizozaliwa nazo hazina mbadala, na vibonge hujaa hasa kwenye mwili wa seli na kwenye dendraiti, yaani nyuzi zinazopokea ujumbe kutoka kwa seli nyingine.

Madhara hayaishii hapo. Glaikojeni iliyorundikana huuvuruga utaratibu mwingine wa usafi wa seli, ule ambao seli hufungia taka ndani ya vifuko na kuzimeng'enya, na protini zilizochakaa nazo huanza kulundikana. Ilidhaniwa kwamba uvurugikaji huu ni ugonjwa unaojitegemea, lakini panya walipozuiwa kujenga glaikojeni usafi huo ulirejea, na hilo laonyesha kwamba ni matokeo. Vibonge vilivyomo kwenye astrositi navyo huchochea ndani ya ubongo mchochota, yaani uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili, si saratani, unaoendelea pole pole mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mpwa wako anapopata mimweko ya macho, chanzo ni sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshughulikia kuona, ambayo seli zake zimekuwa tayari kuwaka kupita kiasi. Na mikono inapomruka asubuhi, hizo ni seli za ganda la ubongo zinazotoa amri za ghafla ambazo yeye mwenyewe hakuzikusudia. Tafadhali waelezeni walimu na jamaa kwamba hamwagi chai kwa uzembe wala hafeli kwa uvivu.

Kuhusu wazazi wake, kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya malini, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kuilinda glaikojeni kwa maisha yote, ndiyo maana dada yako na mumewe hawana dalili na hawatazipata. Kila mmoja wao ana nakala moja yenye kasoro, na binti alirithi zote mbili zilizo mbovu. Katika kila mimba ya wazazi kama hao, uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Watu wenye babu mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kasoro ileile, na kwa sababu hiyo ugonjwa huu huonekana zaidi katika jamii ambamo ndoa za ndugu ni za kawaida, zikiwamo baadhi ya familia za nchi za Kiarabu, Afrika Kaskazini, India na Pakistani, na pia katika maeneo ya Hispania na Italia ambako kasoro ya zamani imesambaa ndani ya ukoo au kijiji. Hata hivyo hakuna binadamu asiyebeba kasoro kadhaa za kimya katika jeni zake. Dada yako na shemeji yako hawakutenda kosa, na asitokee mtu katika ukoo wa kuwanyooshea kidole.

Ndugu wazima wa binti huyu wana uwezekano wa 2 kati ya 3 wa kubeba nakala moja yenye kasoro, na wewe mjomba nawe waweza kuwa nayo. Hilo halidhuru afya ya mbebaji, ila lina maana wakati wa kuoa au kuolewa ndani ya ukoo. Uchunguzi wa kabla ya ndoa unaofahamika zaidi huko Oman hutazama magonjwa ya damu kama selimundu na thalasemia, kwa hiyo msidhani kwamba majibu yake mazuri yanahusu pia Lafora. Ombeni ushauri wa jeni kwa mtaalamu, mkiwa na karatasi ya majibu ya binti, ili kipimo kitafute kasoro ileile. Kuwapima wadogo zake ambao hawana dalili ni jambo zito linalohitaji mazungumzo marefu kabla ya sindano, kwa kuwa kijana akishaambiwa jibu hakuna namna ya kulirudisha.

Umetaja pia dawa iliyozidisha mishtuko. Hukunitajia jina lake, lakini inafahamika kwamba fenitoini, karbamazepini na wakati mwingine lamotrijini, ambazo ni dawa nzuri kwa vifafa vingine, zinaweza kuchochea mishtuko ya aina hii. Madaktari hutumia zaidi valproeti, levetirasetamu, klonazepamu au perampaneli, mara nyingi kwa kuchanganya, na kwa msichana valproeti huhitaji maelezo ya ziada kwa sababu ya hatari yake kwa mimba ya baadaye. Msiache wala kubadilisha dawa yoyote ghafla bila daktari wake, kwani kufanya hivyo kunaweza kuleta kifafa kisichokoma. Dawa hizi hupunguza vipindi vya kifafa, hasa katika miaka ya mwanzo, lakini haziviondoi vibonge. Sitakuficha kwamba ugonjwa huu ni mkali: kumbukumbu, usemi na kutembea huathirika hatua kwa hatua, na wagonjwa wengi hufariki takriban miaka 10 baada ya dalili kuanza, ingawa baadhi ya kasoro za jeni ya malini huenda polepole zaidi na wapo wanaoishi miaka mingi kuliko hiyo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa usemi na wa lishe wahusishwe mapema, kabla hajaanza kupaliwa chakula.

Kwa familia nyingine zitakazosoma hapa na ambazo bado hazijapata jina la ugonjwa wa mtoto wao, zamani njia kuu ya utambuzi ilikuwa kukata kipande kidogo cha ngozi ya kwapa, kukitia rangi inayoshika sukari na kutazama kwa hadubini mirija ya tezi za jasho, ambamo vibonge huonekana kama madoa ya waridi iliyokolea ndani ya seli. Mara nyingi huongezwa kimeng'enya kinachoyeyusha glaikojeni ya kawaida. Madoa yakibaki, hiyo ni glaikojeni mbovu. Kipimo hiki bado kina thamani, lakini msomaji asiye mzoefu anaweza kukosea, na siku hizi kipimo cha jeni ndicho hutoa jibu la uhakika zaidi. Kijana aliyekuwa mzima hadi akafika umri wa kubalehe, kisha akaanza kifafa chenye mishtuko ya misuli, kuona mimweko na kushuka kiakili, anastahili kupimwa hivyo bila kucheleweshwa.

Kuhusu tiba, kila ninalosema hapa linatokana na hoja ileile ya kimeng'enya cha urefushaji. Ikiwa kukipunguza kimeng'enya hicho kuliwaokoa panya, basi dawa inayofanya hivyo yaweza kuwasaidia watu. Njia iliyofika mbali zaidi hutumia vipande vifupi vya asidi nukleiki, yaani kemikali ya jamii ya ile inayobeba jeni, vinavyoingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo, ambavyo hunasa ujumbe wa jeni kabla haujageuzwa kuwa kimeng'enya. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba panya waliopewa vipande hivyo hawakuongeza vibonge, na hatua za mwanzo za kuijaribu njia hii kwa wagonjwa wachache zimeanza nchini Marekani. Njia nyingine iliyofanya kazi kwa panya ni kutuma ndani ya seli kimeng'enya cha kuvunja wanga kilichofungwa kwenye kingamwili, ambacho humega vibonge vilivyokwisha kujengeka. Metfomini, dawa ya kisukari iliyozoeleka, ilipewa hadhi ya dawa ya ugonjwa adimu barani Ulaya mwaka 2016 baada ya matokeo ya panya, na madaktari wengine huitoa, lakini haijathibitishwa kwamba huusimamisha ugonjwa kwa binadamu. Nayasema haya yote kwa matumaini ya kweli, ila kupunguza ujenzi mpya hakufufui seli zilizokwisha kufa, na ndiyo maana dawa ya namna hii itawafaa zaidi watakaoipata mapema.

Kwa hiyo ombeni nakala kamili ya majibu ya kipimo cha jeni, yaani ile karatasi inayotaja badiliko lenyewe lililopatikana katika kila nakala, si barua ya daktari inayosema tu kwamba binti ana Lafora. Mwombeni daktari wake wa neva amwandikishe kwenye sajili ya wagonjwa wa Lafora na aandike kwa vipimo vinavyolinganishwa hali yake ya sasa: anatembeaje, anasemaje, anapata vipindi vingapi vya kifafa kwa mwezi. Watafiti wanapochagua wagonjwa wa kujaribiwa dawa, hizo ndizo taarifa wanazotaka kuziona kwanza.